Baiskeli ya kuazima vipande vipande: nilivyoweka diploma rehani ili nikapande mlima

Wakuu, heshima kwenu nyote, mlio mjini na mlio duarani machimboni.

"Hutavuka Tinde. Na ukivuka, utarudi umebeba usukani kama mtu aliyenyang'anywa ng'ombe akaachiwa kamba."

Maneno hayo niliambiwa mbele za watu, na mtu niliyekwenda kwake kuazima gurudumu. Yashikeni, maana huko mbele yatarudi, tena kwa namna ambayo mimi mwenyewe sikuitarajia.

Nimeamua kuandika kwa sababu juzi vijana humu mliweka picha zenu na mountain bike zenye gia ishirini na kitu. Helmeti kichwani, miwani myeusi, chupa ya maji imebanwa kwenye fremu. Mkaandika kwamba ninyi ndio mmeanzisha mambo ya kupanda milima kwa baiskeli kanda hii.

Nikacheka peke yangu sebuleni.

Sisi tulipanda mlima upande wa Geita mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwa baiskeli zisizo na gia hata moja. Yangu haikuwa na kiungo kilichokuwa changu, isipokuwa raba za breki. Nitasimulia ilivyokuwa, na sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe enzi hizo ilikuwa adimu.

Kwanza mnijue.

Mimi ni mzaliwa wa Didia, Shinyanga vijijini. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Nimesoma kwa kuchuma pamba za watu, na nauli ya kwenda chuo cha ufundi Dar niliipata kwa kufyatua matofali likizo nzima mpaka kucha zikang'oka. Miaka mitatu baadaye nilirudi nyumbani na Diploma ya ufundi mitambo.

Siandiki hivi kujisifu. Sawa, najisifu kidogo. Nilikuwa wa kwanza kijijini kwetu kurudi na karatasi ya namna ile, na sikumficha mtu. Nilikuwa naitoa kwenye bahasha hata kwa wageni waliokuja kuulizia njia.

Kazi nilikuwa nimeshapata, kwenye karakana ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba. Barua ilisema niripoti baada ya wiki tatu nikiwa na cheti halisi. Nakala haikubaliki. Wakuu, hilo liwekeni kichwani.

Nilikuwa na marafiki wawili tangu utoto.

Mabula alikuwa mfanyabiashara wa baiskeli, yaani alibeba michembe ya viazi vikavu na vyungu kwenye karia mpaka Runzewe na kurudi na asali. Mapaja yake yalikuwa kama vinu vya kutwangia. Shija alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwangalifu, anayepiga pasi hadi soksi. Filimbi ya shule haikumtoka shingoni. Hata kanisani alikuwa nayo, ila aliifichia ndani ya shati.

Mabula ndiye aliyetutia mlima kichwani.

Kwetu Didia ni tambarare. Ukimtuma mtu dukani unamwona njia nzima, kwenda na kurudi. Mabula akatuambia kwamba ukipita Runzewe na kuelekea upande wa Geita kuna mlima wenye njia ya zamani ya magari ya magogo. Ukifika juu ukaacha kukanyaga pedeli, unashuka mpaka unaumaliza wimbo mzima na beti zake zote.

Sisi watu wa tambarare hatukuwahi kuionja raha hiyo. Tukakubaliana twende. Bila mzigo, bila biashara. Tuupande mlima, tuushuke, turudi.

Jaribu kumweleza mtu wa Didia wakati ule kwamba unasafiri siku tatu kwenda kupanda mlima usio na kitu juu yake. Mama yangu aliniuliza kama kuna binti wa watu huko. Nikasema hakuna. Akanitazama kwa huzuni zaidi.

Tatizo likawa baiskeli. Wenzangu walikuwa nazo. Mimi nilikuwa na diploma.

Vijana mjue kwamba miaka ile hata ukiwa na hela, tairi huipati. Duka la ushirika lilikuwa na viberiti na jembe moja lililokosa mnunuzi. Kila nyumba pale kijijini ilikuwa na baiskeli iliyokufa. Hii ina fremu haina magurudumu, ile ina gurudumu haina cheni.

Nikajiambia kwamba mtu aliyesomea mitambo hawezi kukosa baiskeli katika kijiji chenye vipande vya baiskeli kumi.

Nikapita nyumba kwa nyumba.

Fremu na usukani nilipewa na mjomba wangu Maganga. Gurudumu la mbele na matgadi nilipewa na katekista, kwa sharti kwamba Jumapili nitakayorudi nisimame kanisani nishukuru. Siti ya ngozi nilipewa na Mzee Luhende, mfugaji mkubwa, mtu asiyeamini maandishi. Kila kitu chake alikipiga chapa ya moto ile ile anayowapigia ng'ombe, duara lenye mkia. Milango, magogo ya kukalia, na hiyo siti.

Cheni na pedeli nilizipata kwa Mama Kabula, mjane. Marehemu mumewe alikuwa ameifungua cheni akailaza kwenye kopo la mafuta, akasema mvua zikiisha ataifunga tena. Mvua zikaisha, yeye hakuwepo. Mama Kabula aliitoa kwenye kopo kwa mikono yake mwenyewe, akaifuta kwa kipande cha khanga. Hakuweka sharti lolote. Alisema tu iende ikatembee, imelala sana.

Likabaki gurudumu la nyuma. Lililo zima kijijini lilikuwa moja, la Baba Holo.

Baba Holo alikuwa na mdomo. Hapa nchini kuna watu wenye mdomo, lakini yeye alikuwa na karakana ya maneno. Nilimkuta anacheza bao na wazee wenzake. Nikaamkia shikamoo, nikaeleza shida yangu, nikaeleza na diploma yangu bila kuulizwa.

Akaniacha nimalize. Ndipo akasema yale ya Tinde na ya usukani. Wazee wakacheka. Kisha akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema:

"Wewe ni punda wa mnadani Kishapu. Ukisimama, kila mtu anataka kukununua. Ukianza kutembea, aliyekununua anatafuta njia ya kukurudisha."

Mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda kwa kucheka.

Ilinichoma, wakuu. Nilikuwa na miaka ishirini na tano na sijazoea kuchekwa na watu wasiojua kusoma. Kwa hasira nikamwambia aseme anataka nini ili aamini kwamba gurudumu lake litarudi.

Akasema, "Lete hiyo karatasi unayotutingishia kila siku. Ikae kwangu. Gurudumu likirudi, karatasi inarudi. Lisiporudi, nitafungia ugoro."

Mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilikwenda nyumbani nikaileta.

Nikakaa siku mbili kuunganisha. Gurudumu la mbele lilikuwa dogo kuliko la nyuma, kwa hiyo baiskeli iliinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Fremu ya kijani, matgadi nyeusi, karia haipo. Raba za breki nilizikata kwenye soli ya ndala zangu, nikazipima kwa rula kama nilivyofundishwa. Nilizionea fahari sana raba zile.

Tukaondoka asubuhi, watu wamesimama barabarani kututazama. Tulipopita Tinde, mji mdogo wa jirani tu, niligeuka nyuma nikapunga mkono kuelekea Didia, ingawa hakuna aliyeniona.

Safari ya kwenda ilikuwa tamu, na hapa niseme ukweli wangu wote.

Magari yalikuwa machache kwa sababu ya mafuta, barabara ilikuwa yetu. Tuliendesha watatu sambamba tukiongea. Mabula aliimba nyimbo za kulimia, sisi tukaitikia, na miguu ikafuata wimbo bila kuchoka. Tulikula michembe na karanga. Kahama tulilala kwa binamu yake Shija, siku ya pili tukalala Ushirombo kwenye familia moja ya Kikatoliki iliyotukaribisha kwa kuwa Shija alianza rozari kabla hatujaulizwa majina.

Baada ya Ushirombo tukaingia kwenye mapori ya mbung'o. Mbung'o anapenda kitu kinachotembea. Ukisimama anapungua, ukiendesha anakufuata, na anauma kupitia shati. Tulijaribu kuendesha kwa kasi, tukagundua tunawapa mazoezi. Mabula alisema dawa ni kuwa wa mbele, Shija akasema dawa ni kuwa wa nyuma. Mimi nilikuwa katikati na waliniuma wote.

Cheni ilikatika mara moja, nikaiunga kwa jiwe na msumari. Tairi la nyuma, lililoshonwa kwa uzi wa nailoni, lilipasuka mara mbili, nikalishona tena. Kila nilipoinama kutengeneza, niliwaambia wenzangu kwamba hii ndiyo diploma. Mabula akasema anatamani ningesomea kunyamaza.

Runzewe tulilala kwa dada yake Mabula. Kesho yake mapema tukaingia njia ya mlima.

Wakuu, kupanda ni adhabu. Dakika za kwanza tulikaa kwenye siti tukijifanya wanaume. Kisha tukasimama kwenye pedeli. Kisha tukashuka tukasukuma. Mawe, mizizi, mchanga mwekundu unaoteleza. Shija alitapika michembe, akajifuta kwa leso iliyopigwa pasi, akaendelea.

Tulifika juu jua likiwa limepanda vizuri. Tukalala chali kwenye majani. Chini kule msitu ulitanda, moshi wa nyumba moja moja, na upande wa Geita vilima vingine vimepangana. Nilimfikiria baba, kwamba hakuwahi kuona chochote kutoka juu isipokuwa kwenye kichuguu.

Halafu tukashuka.

Vijana mnisamehe, sina namna ya kuuelezea mteremko ule kwa mtu aliyezaliwa na gari nyumbani kwao. Upepo ulinijaa mdomoni. Machozi yalitoka yenyewe yakaelekea masikioni. Mabula alikuwa mbele akiimba, Shija katikati, mimi nyuma. Baiskeli yangu ya watu watano ilikuwa inanguruma kila kiungo na sauti yake, na ilikuwa inakwenda.

Nilipobana breki mara ya kwanza, ilishika. Mara ya pili ikatoa harufu ya ndala inayoungua. Mara ya tatu hapakuwa na kitu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kitu pekee kilichokuwa changu kwenye baiskeli ile ndicho kilichokufa.

Nikapiga kelele kwamba sina breki. Shija akageuka akaniona ninamkuta, na mbele yetu chini kabisa ng'ombe walikuwa wanavuka njia. Kengele hatukuwa nazo. Shija akafanya kile ambacho mwalimu yeyote angefanya. Akatia filimbi mdomoni akapuliza kwa nguvu zake zote, mfululizo, bila kupumzika.

Ng'ombe wakapisha. Wachungaji wakakimbia, kitu ambacho kilinishangaza.

Kutoka bondeni filimbi nyingine ikajibu.

Mabula akafurahi. Akapaza sauti kwamba wanatushangilia. Akainua mkono mmoja juu, akawapungia.

Ikajibu ya tatu, upande wa kulia. Ya nne, mbali zaidi. Shija akazidi kupuliza kwa sababu mimi bado nilikuwa sina breki.

Sungusungu walikuwa ndio kwanza wameanza huko. Kwetu Didia bado hawajafika, tuliwasikia kwa wapita njia tu. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, wakajipanga wenyewe, na sheria yao ilikuwa nyepesi. Filimbi ikilia, kila mwanaume anaacha alichoshika, anachukua upinde na kwenda kuziba njia. Sisi hatukujua. Tulikuwa tunateremka mlima tukijipigia wenyewe yowe la kukamatwa.

Baiskeli yangu ilisimama ilipoingia kwenye shamba la mihogo. Pedeli ikanichana mguu wa kushoto, kovu ninalo mpaka leo. Nilipoinua kichwa niliona miguu mingi, halafu pinde.

Walikuwa wanaume arobaini, hamsini, wengine bado wana udongo wa shambani mikononi. Walitukalisha chini watatu, tukafungwa mikono kwa kamba ya katani. Hakuna aliyetupiga, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli. Lakini hakuna aliyecheka.

Kamanda wao alikuwa mtu mfupi, sauti ya chini, amevaa koti la mvua katikati ya kiangazi. Akauliza nani amepiga filimbi. Shija akasema ni yeye. Akauliza mwizi yuko wapi. Shija akasema hakuna mwizi.

"Mzigo wenu uko wapi?"

Nikasema hatuna mzigo.

"Mmepanda kule juu na baiskeli, bila mzigo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kufanya nini?"

Wakuu, hapo ndipo nilipojua kwamba tumekwisha. Nikasema tulipanda ili tushuke.

Watu wakatazamana. Hata mimi nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe sikuyaamini.

Wakaanza kukagua baiskeli. Mabula alikuwa na kadi ya baiskeli yake mfukoni. Shija alikuwa na stakabadhi ya kununulia, imekunjwa vizuri ndani ya kitabu cha sala, penye sala ya asubuhi. Wakafika kwenye yangu. Wakaizunguka. Mmoja akaigusa fremu ya kijani, mwingine matgadi nyeusi, mwingine akapima magurudumu kwa mkono akawaonyesha wenzake kwamba hayalingani.

Kamanda akasema kwamba siku hizi wezi hawauzi baiskeli nzima. Wanaichinja, wanachanganya viungo. Akaniuliza hiki ni kitu gani.

Badala ya kujibu kwa unyenyekevu, nikamwambia mimi ni fundi mwenye Diploma na nimeiunganisha mwenyewe kwa siku mbili.

Akaniuliza ninaweza kuifungua kwa muda gani. Nikasema, kwa majivuno, dakika chache tu, hata nikifumba macho.

"Mwizi pia anaweza," akasema.

Mabula alifumba macho. Alikuwa anatamani tena ningesomea kunyamaza.

Wakaamua hivi. Wenzangu waende zao. Mimi na baiskeli tubaki, mpaka waje wenye vitu hivi waseme wenyewe kwamba walinipa. Wakishindwa kuja, vitu vitagawiwa kijijini, na mimi nitapelekwa mbele kwa wakubwa wao.

Nikapiga hesabu. Mabula na Shija warudi Didia, siku tatu. Wazee watano, mmoja mjane, watoke Didia kuja huku kwa miguu au kwa lori la bahati. Barua ya kazi ilikuwa imebakiza siku kumi. Na cheti changu kilikuwa kwa Baba Holo, kinasubiri ugoro. Gurudumu likigawiwa hapa, cheti kimekwenda, na kazi imekwenda. Miaka yote ya pamba na matofali ilikuwa inaishia kwenye shamba la mihogo.

Nililia. Naandika bila aibu.

Katika kulia nikasema kwamba siti ni ya Luhende, cheni ni ya mjane, mnirudishie hata cheni ya mjane.

Mzee mmoja aliyesimama nyuma akasogea. Akainama juu ya baiskeli, akaifuta siti kwa kiganja. Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akasema kwa Kisukuma, na kamanda akamwambia aseme kwa lugha ya wote.

Akasema chapa hii anaifahamu. Amechunga ng'ombe wa Luhende wa Didia miaka minne, kabla hajahamia huku na mifugo yake kutafuta majani.

Jina lake lilikuwa Nkwabi. Nilitaka kumbusu miguu.

Kamanda hakuwa mtu wa haraka. Akasema siti imepona, lakini kuiba siti kwa Luhende nako kunawezekana. Akamwambia Nkwabi kwamba kama anaijua Didia, aniulize yeye mwenyewe.

Nkwabi akachuchumaa mbele yangu. Akauliza gurudumu la nyuma ni la nani. Nikasema la Baba Holo. Akauliza Baba Holo gani. Nikasema yule wa bao.

Uso wake haukubadilika. Akauliza tena, taratibu:

"Alipokupa, alikuambia nini?"

Kulikuwa na watu hamsini pale, na marafiki zangu ambao sikuwa nimewahi kuwasimulia. Shija na Mabula walijua nimepewa gurudumu. Hawakujua nilipewaje. Niliwaambia kwamba mzee ameheshimu elimu.

"Bebe, wewe, sema," akasema Nkwabi. "Jina la mtu hata mwizi analijua."

Basi nikasema. Nikasema la Tinde. Nikasema la usukani na kamba ya ng'ombe. Nikasema mimi ni punda wa mnadani Kishapu, nikisimama kila mtu anataka kuninunua, nikianza kutembea aliyeninunua anatafuta njia ya kunirudisha.

Wote wakamgeukia Nkwabi.

Halafu Nkwabi akakaa chini kabisa, akashika tumbo. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alipopata pumzi akawaambia wenzake kwamba huyo ni Baba Holo mwenyewe, hakuna mwingine duniani mwenye maneno hayo. Siku alipohama Didia na ng'ombe wake, Baba Holo alimsindikiza mpaka njia panda akamwita punda huyo huyo, mbele ya wakwe zake.

"Mwizi angechukua gurudumu usiku," akasema. "Huyu amekwenda mchana, akatukanwa, akapewa."

Nikaanza kusikia kicheko kikipita kwa wale watu, kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri kila mmoja alivyokuwa anaeleweshwa. Hata kamanda alipangusa pua kwa mkono wa koti. Mabula alikuwa anacheka huku amefungwa kamba.

Wakatufungua.

Sijawahi kupumua tena kama nilivyopumua pale. Hata siku ya kupokea diploma sikupumua hivyo. Nilikaa tu kwenye mihogo nikazitazama pinde zikishushwa moja moja, watu wakirudi mashambani mwao, na nikasikia maumivu ya mguu kwa mara ya kwanza.

Adhabu haikukosekana. Kamanda alichukua filimbi ya Shija, akasema kitu hiki si cha kuchezea, na akatutaka tulipe kazi ya watu walioacha majembe. Nikatengeneza baiskeli tatu za kijiji siku ile. Nkwabi alitupa maziwa ya mgando na viazi, akanikatia raba mpya za breki kutoka kwenye katambuga zake, soli nene ya tairi la lori. Zile zilishika. Nimesoma miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kwamba ndala si breki.

Akaniagiza nimsalimie Baba Holo.

Tukarudi kwa siku tatu, tukiendesha polepole kama watu waliobeba mayai.

Sasa siku ya kurudisha.

Tuliingia Didia mchana. Sikwenda nyumbani kwanza. Nilisimama kwa Mzee Luhende nikafungua siti, nimeipaka mafuta ya samli. Akaitazama chapa yake, akaitikia kwa kichwa. Nikaondoka nikiendesha wima.

Kwa Mama Kabula nikafungua cheni na pedeli. Nilikuwa nimeiosha kwa mafuta ya taa pete moja moja. Aliiviringisha mkononi, akauliza imetembea mpaka wapi. Nikamwambia mpaka juu ya mlima, na kushuka. Akasema, "Haya." Hakuirudisha kwenye kopo. Aliitundika msumarini, mahali inapoonekana. Nikaondoka nikisukuma.

Kwa katekista nikaacha gurudumu la mbele na matgadi, nikaburuta kilichobaki. Kwa mjomba Maganga nikaacha fremu na usukani. Akauliza kama ile ni damu. Nikasema ni yangu. Akasema basi hakuna neno.

Nikabaki na gurudumu moja. Nikaliviringisha kwa mkono kijiji kizima, kama watoto wanavyoviringisha rimu, na watu wakatoka nje kutazama mtu mwenye Diploma akikimbia nyuma ya gurudumu. Walinicheka. Nilicheka nao.

Baba Holo alikuwa kwenye bao lake. Akalipokea, akaliinua, akalizungusha kwenye jua. Akahesabu spoki zote.

"Linayumba," akasema.

"Liliyumba tangu ulipolitoa, mzee."

"Najua. Nilitaka kuona kama na wewe unajua."

Nikampa salamu za Nkwabi. Mkono wake ukasimama juu ya kete. Akauliza kama bado yuko hai, kama ng'ombe walipona safari, kama ana wajukuu. Nikajibu yote. Nikamwambia na lile swali aliloniuliza nikiwa nimefungwa kamba, na jibu langu.

Hakucheka. Aliinuka akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na bahasha yangu. Alikuwa ameishonea mfuko wa kitambaa, mchwa wasiifikie. Akanikabidhi kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyomkabidhi mwenzake kitu cha heshima.

"Nenda kazini, punda wangu," akasema.

Kesho yake nikapanda lori kwenda kuripoti, na cheti halisi kifuani.

Nilichojifunza, wakuu, ni kwamba nilijivunia sana nilichosomea, na kilichoniokoa kilikuwa matusi niliyotaka kuyasahau. Siku hizi mtu akinikatisha tamaa namsikiliza mpaka mwisho, neno kwa neno. Na baiskeli yenu ikiwa na vitu vya watu, angalieni kwanza kile ambacho ni chenu.

Wenye mountain bike zenu, semeni nanyi. Mlishawahi kukwama wapi, na nani aliwanasua? Na kama kuna mtu humu wa upande wa Runzewe ambaye babu yake alibaki na filimbi ya mwalimu, Shija amestaafu, bado anaiulizia.